Phönix: Ndege ya Nyuzi za Kioo

Ndege isiyo na injini haina kiisukumacho mbele ila uzito wake yenyewe. Ikisha kuachwa angani huteremka polepole, na mteremko huo ndio uipao mwendo. Rubani huweza kupanda tena endapo tu atakutana na hewa ipandayo, kama wafanyavyo tai. Kwa hiyo ubora wa chombo hiki hupimwa kwa kulinganisha umbali kinaokwenda na kimo kinachopoteza. Katika miaka ya 1950 ndege nzuri ya mbao ilikuwa na uwiano wa takriban 30: ikianzia kimo cha mita 1,000 katika hewa tulivu, iliweza kufika kilometa 30.

Tatizo la mbao

Hewa ipitayo juu ya bawa huanza kwa kuteleza katika matabaka laini, kisha huvurugika na kufanya vizingia vidogo. Mvurugiko huo huongeza ukinzani. Wataalamu walikwisha kujua kwamba bawa lenye umbo maalumu laweza kudumisha utulivu wa hewa kwa sehemu kubwa zaidi. Lakini umbo hilo halivumilii kasoro. Hata kijiwimbi kidogo katika ngozi ya bawa huuvunja utulivu. Bawa la mbao hujengwa kwa mbavu zilizofunikwa kwa plaiwudi. Mbao hufura kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, na ngozi hubonyea kati ya ubavu na ubavu. Hivyo umbo lililokokotolewa vyema katika karatasi lilipotea katika karakana.

Suluhisho la Stuttgart

Mwaka 1951 Hermann Nägele na Richard Eppler, wa kikundi cha urukaji cha wanafunzi huko Stuttgart, Ujerumani, walianza kubuni ndege ya kiti kimoja. Eppler, aliyekuwa mwanahisabati, alikokotoa umbo la bawa. Hapo awali walikusudia kutumia karatasi na balsa, mti mwepisi mno. Baadaye wakachagua nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini.

Katika ujenzi huu kila kitu kina kazi yake. Nyuzi za kioo hustahimili mvuto. Resini huzishikamanisha na kugawanya mzigo baina yao. Balsa iliyo katikati huzitenga ngozi mbili, ya ndani na ya nje, ili bawa lisijikunje. Resini ikisha kuganda, ngozi ya nje hubaki laini, wala haifuri kwa unyevu kama mbao.

Tarehe 27 Novemba 1957 Rudolf Lindner aliirusha ndege hiyo kwa mara ya kwanza. Iliitwa fs 24 Phönix, kwa jina la ndege wa hadithi afufukaye kutoka majivuni. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa meta 16 toka ncha hadi ncha, na uwiano wake ulikaribia 40. Kwa kimo kile kile cha mita 1,000, hizo ni kilometa 10 za ziada.

Zilijengwa 8 tu. Hata hivyo mabingwa hao watatu waliendeleza kazi yao katika ndege iitwayo Phoebus, iliyoruka mwaka 1964 na kujengwa kwa mamia. Nyuzi za kioo zikachukua mahali pa mbao katika mashindano. Udhaifu mmoja ulibaki: resini hulegea ikipata joto kali. Ndiyo maana ndege hizi hupakwa rangi nyeupe, ambayo huurudisha mwanga wa jua badala ya kuufyonza.

Jaribio

Kata vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kisha vibandike kwa gundi pande mbili za kipande chepesi cha kadibodi. Gundi ikikauka, weka ncha zake juu ya vitabu viwili na uongeze uzito katikati kidogo kidogo. Linganisha na karatasi mbili zilizogandamizwa pamoja bila kadibodi. Eleza ni kwa nini tofauti ni kubwa kiasi hicho, ilhali kadibodi yenyewe ni dhaifu.