Bima kwa Wenye Bunduki

Bima ya dhima ya silaha ni mkataba ambao kampuni ya bima hubeba mzigo wa fidia pale bunduki ya mteja wake inapomdhuru mtu mwingine. Wenye magari wa Tanzania wataitambua haraka, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya bima ndogo: anayelipwa ni aliyeumizwa, si mwenye chombo.

Mji wa kwanza nchini Marekani kuifanya bima hii kuwa lazima ni San Jose, katika jimbo la California. Mei 26, 2021, mfanyakazi wa karakana ya treni mjini humo aliwapiga risasi wenzake 9 wakafa. Meya wa wakati huo, Sam Liccardo, akasukuma sheria ndogo iliyopitishwa na baraza la jiji mwaka uliofuata, na sharti la bima likaanza kutumika Januari 2023. Bima ya kawaida ya nyumba, au ya mpangaji, inatosha mradi inagusa ajali za silaha. Askari polisi na wasiomudu gharama wamesamehewa. Anayekaidi hutozwa faini, ila bunduki yake haichukuliwi.

Hata hivyo, bima hii isingelipa chochote kwa mauaji ya karakana. Hakuna kampuni inayokubali kubeba gharama ya uovu uliokusudiwa, na sheria ya California yenyewe inakataza. Inacholipia ni ajali: mtoto anavuta droo, anakuta bastola yenye risasi, inafyatuka na kumjeruhi mtoto wa jirani. Hapo matibabu, ambayo Marekani ni ghali mno, hayaiangukii familia isiyo na kosa. Hili pekee ni sababu ya kutosha kuitetea, maana bila bima majeruhi hushinda kesi dhidi ya mtu asiye na cha kulipa.

Watetezi wanataraji zaidi. Kampuni itauliza kama silaha inafungiwa kwenye kabati la chuma, kama risasi zinatengwa nayo, na mzembe atatozwa zaidi. Tumaini hilo lina msingi, ila lipimwe kwa hesabu: mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani. Waliojiua walikuwa 26,328, waliouawa 20,958, na waliokufa kwa ajali 549 tu. Kabati linalofungwa laweza pia kumchelewesha anayetaka kujiua, na huenda faida kubwa kuliko zote iko hapo, ingawa haimo kwenye mkataba wowote.

Mahakamani, hoja ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Tangu Juni 2022 Mahakama ya Juu inataka sheria za silaha zilingane na desturi za kale za nchi. Agosti 2022, Jaji Beth Labson Freeman alikataa kuizuia sheria ya San Jose, akiilinganisha na sheria za dhamana za karne ya 19, kama ile ya Massachusetts ya 1836. New Jersey nayo ilidai bima ya angalau dola 300,000 kwa wanaobeba bastola hadharani. Mei 2023, Jaji Renée Marie Bumb aliisimamisha: dhamana zile, alisema, zilimhusu mtu aliyekwisha kushukiwa kuvunja amani, si kila mwenye silaha.