Klorokwini ilivyotushinda, na vidonge kumi na viwili vya Suneka

Majuzi nilikuwa Suneka, kwa wakwe, pale barabara ya kutoka Kisii inapoelekea Migori. Shemeji akatoa kabatini vidonge vya mseto wa malaria. Vilikuwa 24, yeye amekula 12. Alipopata nafuu siku ya pili aliacha, hivi vingine anamwekea mtoto siku akishikwa na homa.

Mama mkwe akadakia kwamba zamani hakukuwa na dozi ndefu hivyo. Ulimeza klorokwini, ukajikuna usiku kucha, basi homa kwisha. Akanigeukia mimi mtu wa Pwani: dawa ile iliharibika nini?

Dawa haikuharibika, mama. Aliyebadilika ni mdudu.

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu na kula himoglobini. Humeng'enya chakula hicho ndani ya kifuko kidogo chenye uchachu. Lakini mlo huo huacha takataka yenye madini ya chuma ambayo ni sumu kwake mwenyewe, kwa hiyo huigandisha iwe chengachenga zisizodhuru. Klorokwini ilikuwa ikipenya hadi kifukoni. Ikifika kwenye ule uchachu inapata chaji ya umeme, na ikishaipata haiwezi tena kupenya ukuta itoke. Inanasa humo, inazuia sumu isigandishwe, na mdudu anakufa kwa mlo wake mwenyewe.

Sasa, kwenye ukuta wa kifuko hicho kuna protini iitwayo PfCRT, mfano wa mlango. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000. Imeungwa kwa asidi amino 424, kama shanga kwenye uzi. Kwa wadudu sugu, ushanga wa 76 umebadilishwa, pamoja na vingine kadhaa, na mlango ambao hapo awali haukupitisha klorokwini sasa unaitoa nje.

Walijuaje? Huwezi kuchunguza mlango ndani ya mdudu mdogo kiasi hicho kwa urahisi. Watafiti wa Australia wakachukua maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, wakayatia ndani ya mayai ya chura mmoja wa huku kwetu Afrika, yai likaijenga protini ya malaria kwenye ngozi yake. Mwaka 2009 wakatangaza matokeo: mayai yenye mlango uliobadilika yalipitisha klorokwini, yenye mlango wa asili hayakupitisha. Mimi hapo ndipo huwavulia kofia watu wa maabara. Mwaka 2019 wenzao wa New York wakaonyesha umbo lake lote.

Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na mwaka 2004 ikachagua mseto huu wa AL. Kilifi, watafiti walipopima damu waliona alama ya ushanga wa 76 ikishuka kutoka asilimia 95 mwaka 1993 hadi 60 mwaka 2006. Malawi, walioiacha tangu 1993, wadudu sugu walipungua mpaka klorokwini ikaponya tena karibu wagonjwa wote waliojaribiwa nayo.

"Basi si waturudishie," akasema mama.

Nikamwambia ikirudi madukani, wale wachache wenye mlango wazi ndio watakaosalia na kuzaana, turudi palepale. Na sasa hata mseto una dalili mbaya: Rwanda na Uganda wameonekana wadudu wenye mabadiliko mengine, si ya mlango huu, yanayofanya dawa yake ya artemisinini ichelewe kuwamaliza. Uganda na Kisii si mbali, na mabasi ya Kisii hufika Mombasa kila siku.

Kwa hiyo vile vidonge 12 si akiba. Dozi ya mtu mzima ni vinne mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Nafuu ya siku ya pili inaonyesha tu kwamba wadudu wamepungua. Na mtoto akipata homa apimwe kwanza, dozi yake ihesabiwe kwa uzito.

Shemeji alikubali kuvirudisha kwa kemisti. Mama mkwe alikaa kimya kidogo, kisha akasema hata yeye klorokwini alikuwa akiiacha siku ya pili, kwa ajili ya kule kujikuna.