Mkia wa tyrannis

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wazazi huku kaskazini mwa Virginia, niliambiwa kwamba Kilatini kitamjengea binti yangu akili ya sarufi, ila Kiswahili tukipunguze nyumbani asije akachanganyikiwa. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwepo. Jibu langu ni hili, na nalitoa kwenye bendera yao wenyewe.

Bendera ya Virginia ina mwanamke aliyeshika mkuki, Virtus, titi moja wazi, amemkanyaga mwanamume aliyelala chali na taji limemdondoka. Picha hiyo inatokana na muhuri wa mwaka 1776, koloni lilipojitoa kwa mfalme wa Uingereza. Mama yangu alipokuja kututembelea aliuliza ni serikali gani inayopeperusha maiti, tena mbele ya watoto. Mimi bado nauliza. Chini ya picha yameandikwa maneno matatu: Sic semper tyrannis.

Tyrannus ni neno la Kigiriki lililoingia Kilatini. Mwanzoni lilimtaja mtu aliyekalia kiti bila kukirithi wala kupewa na sheria. Maana ya ukatili iliongezwa baadaye. "Dhalimu" hulikaribia, lakini dhalimu huitwa hivyo kwa anachotenda, si kwa alivyokipata kiti.

Kisha mkia wa tyrannus hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Tyrannus akiwa mtenda, tyrannum akitendwa, tyranni kwa kilicho chake, tyranno kwa anachopewa. Wakiwa wengi: tyranni, tyrannos, tyrannorum, tyrannis. Hiyo ya mwisho ndiyo ya bendera, "kwa madhalimu". Kilatini huibandika "kwa" kwenye nomino, sisi huibandika kwenye kitenzi: leta, letea, pika, pikia, fanya, fanyia. Msemo wa Virginia hauna kitenzi kabisa, hivyo Kiswahili lazima kikitafute: Madhalimu hufanyiwa hivi daima. Ile i ndani ya "hufanyiwa" inafanya kazi ya -is yote.

Binti aliliona hilo kabla sijamaliza kueleza. "Mama, kwa hiyo 'niletee' nayo ni hivyo hivyo?" Ndiyo, mwanangu. Alikuwa ameibeba sarufi hiyo tangu ana miaka miwili, akililia maziwa. Mdogo wake wa miaka sita sasa hutia mikia kila kitu. Jana aliomba sukari ya chai-orum, na dada yake akamsahihisha kwa uzito wote kwamba chai ni moja.

Juzi tulimpigia bibi yao Unguja. Binti akamwambia, "Bibi, nitunzie embe bolibo," kisha akanigeukia kuhakikisha nimeisikia ile i.