Je, Wajua? Glavu Mpya ya Besiboli Haijui Kudaka

Mtoto anavaa glavu mpya ya besiboli, mpira unamfikia, unagonga ngozi ngumu na kuanguka chini. Wazazi husema hajui kudaka. Aghalabu kosa ni la glavu.

Ngozi ya ng'ombe imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosokotana kila upande. Kiwandani hutiwa dawa isioze, kisha mafuta ili nyuzi ziteleze. Glavu ikiwa mpya, nyuzi bado zimebanana. Ikikunjwa tena na tena mahali pamoja, zinalegea hapo na mkunjo unabaki. Kulainisha glavu, basi, ni kuamua mkunjo huo upite wapi.

Zamani hapakuwa na la kuamua. Mwaka 1875 Charles Waitt, mchezaji wa St. Louis huko Marekani, alivaa glavu yenye rangi ya mwili ili isionekane sana, maana kukinga mikono kulihesabiwa udhaifu. Ilikuwa kinga tu. Aliyeibadilisha ni Bill Doak, mrushaji wa St. Louis Cardinals, aliyeipelekea kampuni ya Rawlings wazo la kusuka kamba za ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapo ndipo glavu ilipopata mfuko, na mfuko ndio unaodaka.

Mfuko hutengenezwa na mpira wenyewe. Mtoto na mwenzake warushiane kila siku, polepole kwanza. Mpira rasmi una uzito wa gramu 142 hadi 149, na kila unapotua unasukuma ngozi pale pale inapotakiwa kubonyea. Penye ugumu sana, hasa chini ya kidole gumba na kidole cha mwisho, ikunje kwa mikono au igonge kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha duara. Usiku acha mpira mfukoni, uifunge glavu kwa kamba laini.

Mafuta ni tone dogo kwenye kitambaa. Yakizidi, ngozi inakuwa nzito na kulegea ovyo. Na tafadhali, usiitie glavu ndani ya oveni, ingawa wapo wanaofanya hivyo kwa haraka zao. Joto hukausha mafuta na kukakamaza nyuzi, na kamba hukatika mapema.

Kosa jingine linaloniuma ni kumnunulia mtoto glavu kubwa "atakuja kuikulia". Mtoto wa miaka sita hutosheka na ya inchi 9 au 10. Kubwa kuliko hiyo inamshinda kuifunga, naye anaanza kuuogopa mpira. Anayerusha kwa mkono wa kushoto anahitaji glavu ya mkono wa kulia. Hili husahaulika mno.

Mchezo huu umefika hata Afrika Mashariki: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza Mashindano ya Dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko Marekani, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale. Kwa wanaocheza huku kwetu, adui ni unyevu. Glavu iliyonyeshewa ifutwe, ikauke kivulini penye hewa, isifungiwe mkobani ikiwa mbichi, la sivyo itaota ukungu. Kamba zikilegea zikazwe. Ikikatika moja, inabadilishwa hiyo tu, na glavu inarudi uwanjani.