CD imenasa kwenye redio ya gari: usikimbilie kisu wala betri

Umebonyeza kitufe cha kutoa CD, redio inaguna, lakini CD haitoki. Au inachungulia kidogo kisha inarudi ndani. Wengi hapo huchukua kisu au waya na kuanza kuchokoa. Msikilizaji, tunakusihi usifanye hivyo. Ndani mna lenzi ndogo inayosoma CD, na ikikwaruzwa, redio haitasoma tena CD yoyote. Tena chuma kikigusa penye umeme, unaweza kupiga shoti.

Kwa nini hunasa?

Sababu kubwa ni stika ya karatasi iliyobandikwa juu ya CD. Gari likianikwa juani, gundi hulegea, karatasi hunyanyuka na kushika ndani. Wakati mwingine mtu amesukuma CD ya pili bila kujua kuna nyingine. CD ndogo za sentimita 8 nazo hupotelea kwenye redio zilizotengenezwa kwa CD za sentimita 12. Halafu kuna vumbi la barabara zetu, na vipuri vya kusukuma CD ambavyo huchoka.

Anza na yasiyo na hasara

Kwanza egesha gari. Usihangaike na redio huku unaendesha.

Zima redio, subiri dakika chache, kisha uiwashe. Bonyeza kitufe chenye pembetatu juu ya mstari na ukishikilie kwa sekunde 10 hadi 15. Kwenye redio nyingi, hiyo ni amri ya kulazimisha CD itoke. Ikichungulia, ishike kwa vidole pande zote mbili na uivute taratibu, bila kuipinda.

Ikigoma, angalia kama kuna kitundu kidogo kilichoandikwa RESET. Kibonyeze kwa ncha ya kalamu, kisha rudia hatua ya kwanza. Saa na stesheni ulizohifadhi zinaweza kufutika, lakini hizo utazirudisha mwenyewe.

Kabla ya kugusa betri

Utaambiwa chomoa waya wa betri wenye alama ya kutoa, kaa dakika kadhaa, rudisha. Mara nyingine husaidia. Lakini redio nyingi zina ulinzi dhidi ya wizi: zikikatiwa umeme hujifunga na kuomba namba ya siri. Baadhi ya redio za skrini kwenye magari yaliyotumika Japani huomba pia kadi ya ramani, ambayo huenda gari lilikuja bila hiyo. Hapo tatizo la CD moja limegeuka redio nzima kufungwa. Kama huna namba wala kadi, acha betri ilivyo. Kuchomoa fyuzi ya redio kunaweza kuleta matokeo yaleyale.

Ukifika kwa fundi

Mpelekee fundi wa redio mwenye uzoefu wa redio za magari. Mweleze mapema kwamba unataka CD itoke nzima, na mkubaliane bei kabla hajafungua. Kama redio inaomba namba, mwambie kabla hajachomoa waya wowote.

Wakati unasubiri, mara nyingi redio yenyewe huendelea kufanya kazi. Badilisha tu kutoka CD kwenda FM. Ukikosa stesheni nyingi, huenda si ubovu: redio nyingi za Japani zilitengenezwa kwa megahezi 76 hadi 90, wakati FM ya huku kwetu ni 87.5 hadi 108. Mafundi huweka kifaa kidogo cha kurekebisha hilo.

CD ikishatoka, usiirudishe humo. Kama ni kwaya ya kijijini kwenu, harusi, au sauti ya mzee aliyetangulia, na nakala ni hiyo moja, ipeleke kwa mwenye kompyuta aihamishie kwenye flashi na kwenye simu yako. Redio nyingine utapata dukani. Sauti hiyo hutaipata.