Jiko la Kubeba Mgongoni

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ni marufuku kupikia kuni. Kila kikombe cha chai kinachonywewa huko juu kimechemshwa kwa nishati iliyobebwa na mtu kutoka chini. Makundi ya watalii yana wapagazi na wapishi, na mengi hupanda na mtungi wa gesi wa nyumbani. Anayebeba mzigo wake mwenyewe, awe anakwenda Usambara, Aberdare au milima mirefu zaidi, hawezi kubeba chuma kizito hivyo. Yeye huhesabu gramu.

Dukani macho huvutwa na jiko, lakini ni busara kuanza na nishati. Anayesafiri kwa ndege ana sababu ya ziada: gesi, spiriti na mafuta ya taa haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, iwe ya mkononi au ya kukabidhi. Jiko lake litawashwa kwa kile atakachokipata Moshi, Nanyuki au Kasese.

Kwa safari ya siku chache, kopo dogo la gesi lenye kichomeo cha kufunga juu yake halina mpinzani. PocketRocket 2, kichomeo cha kampuni ya Marekani ya MSR, kina uzito wa gramu 73 tu. Kinachohitaji umakini ni gesi yenyewe. Butani hushindwa kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzijoto sifuri za Selsiasi. Isobutani huvumilia hadi karibu 12 chini ya sifuri, na propani hadi 42 chini ya sifuri. Makopo marefu ya bei nafuu, yale ya majiko ya mezani, mara nyingi hujazwa butani tupu. Lushoto yatafaa. Alfajiri ya barafu kwenye mita 4,600, moto wake utafifia kabla sufuria haijapata joto, kwa hiyo huko ubebwe mchanganyiko wa isobutani na propani. Hata huo hudhoofika kopo linapokaribia kwisha, kwa sababu propani hutangulia kutoka. Ndiyo maana wapandaji wazoefu hulala na kopo ndani ya mfuko wa kulalia. Kosa la hatari ni kulizungushia kopo kinga ya upepo: joto hurudi chini, na kopo linaweza kulipuka.

Mafuta ya taa ni habari nyingine. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alibuni jiko la pampu lililokuja kuitwa Primus, na Roald Amundsen alilitumia katika safari yake ya Ncha ya Kusini mwaka 1911. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri: kupasha kichwa kwa spiriti, kupiga pampu, kuzibua tundu kwa sindano. Majiko ya mlimani ya leo yanayotumia mafuta ya maji hufuata kanuni ileile. Baridi haiyasumbui sana, kwani presha hutoka kwenye pampu. Yana uzito zaidi, yana masizi, na yanadai mikono iliyozoea; lakini kwa safari ndefu mbali na miji, pasipo na duka la vifaa vya milimani, hayo ndiyo ya kuaminiwa.

Jiko la spiriti halina pampu wala kifaa cha kuharibika, ila spiriti hutoa joto kidogo zaidi ya nusu ya lile la gesi yenye uzito uleule. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, na wapo walioungua kwa kuongeza spiriti wakidhani moto umezimika.

Kiasi cha kubeba hutegemea sana chakula. Kwenye Kambi ya Shipton, Mlima Kenya, mita 4,236 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 86 hivi. Maharage makavu yatamaliza gesi kabla ya kuiva. Tambi nyembamba, oti na uji wa unga laini huiva haraka. Kuchemsha lita moja pasipo upepo hula gramu 10 hadi 15 za gesi. Watu wawili wanaochemsha lita nne kwa siku, kwa siku tatu, watatumia hadi gramu 180. Kopo la gramu 230 linawatosha na kubakiza akiba ya upepo.

Aina yoyote itakayochaguliwa, isiwashwe ndani ya hema. Moto hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Mvua ikikataa kukatika, karanga, mkate na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji baridi yaliyotibiwa vitawafikisha wapandaji asubuhi.