Kutiririsha Tamasha la Jabe: Kazi ya Mwalimu wa Lugha

Mwanafunzi wetu husikia zaidi Kiswahili cha kitabuni na cha taarifa ya habari. Kiswahili cha Bujumbura, kile cha Buyenzi, Bwiza na mtaa wa Jabe, humfikia kwa nadra. Rekodi za matamasha zinaweza kuziba pengo hilo. Katika makala haya tunaeleza jinsi programu ya wavuti ya kutiririsha rekodi hizo inavyojengwa, na mahali ambapo mwalimu wa lugha hana budi kushika kazi.

Kwanza, istilahi. Kupakua ni kulichukua faili lote na kulihifadhi katika kompyuta au simu yako. Kutiririsha ni kusikiliza huku sauti ikiendelea kuja kipande baada ya kipande, kama anayekinga maji bombani bila kungoja pipa lijae.

Tuchukue mfano wa kubuni: tamasha la saa 2 limerekodiwa Jabe. Kwa ubora wa CD, dakika 1 huchukua megabaiti 10 na zaidi, na tamasha zima huzidi gigabaiti 1. Likibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, hushuka hadi megabaiti 115 hivi. Kwa kilobiti 64, hadi 58 hivi. Kwa msikilizaji anayenunua data kidogo kidogo, tofauti hiyo ni fedha. Kwa hiyo tunahifadhi nakala mbili: ya asili, katika muundo kama FLAC unaobana bila kupoteza sauti, na nyepesi ya kusikilizwa.

Programu yenyewe ina sehemu tatu: seva inayotunza mafaili, hifadhidata inayotunza maelezo, na ukurasa ambapo msikilizaji anabonyeza na kusikia. Sehemu ya kwanza na ya tatu zina mafundi wengi. Kivinjari cha leo hucheza sauti chenyewe, na kinaweza kuiomba seva ianzie dakika ya 40 bila kuleta zile 39 za mwanzo. Sehemu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi.

Hifadhidata nyingi za muziki zimeundwa kwa ajili ya nyimbo: jina la mwimbaji, jina la wimbo, albamu, mwaka. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, aliimba kwa Kiswahili katika albamu yake Sambolera ya 1996, na maelezo hayo yanaitosha. Lakini tamasha lina mengine. Mwimbaji anasalimia, anamtania mpiga gitaa, anaomba radhi kwa umeme kukatika, hadhira inamjibu. Fundi akikata rekodi wimbo kwa wimbo, maneno hayo huishia jalalani. Kwetu walimu, hayo ndiyo somo lenyewe.

Tatizo la pili ni lugha. Mara nyingi rekodi hupewa msimbo mmoja tu: sw kwa Kiswahili, rn kwa Kirundi, fr kwa Kifaransa. Msemaji wa Bujumbura anaweza kuzipitia zote tatu katika sentensi moja. Rekodi ikiandikwa rn peke yake, mwanafunzi anayetafuta Kiswahili hataiona kamwe. Tunapendekeza kila kipande kiwe na maelezo yake, na nafasi ya lugha zaidi ya moja. Kwa mfano:

Dakika 14:05 hadi 15:20. Mwimbaji anasalimia hadhira. Kiswahili, Kirundi. Somo: salamu na majibu yake.

Mashine haiwezi kuachiwa kazi hii bila msimamizi. Inahitaji sikio linalotambua neno la Kirundi lililovaa kiambishi cha Kiswahili.

Tatu, idhini. Internet Archive ilipofungua hifadhi yake ya matamasha mwaka 2002, ilipokea rekodi za bendi zilizoruhusu tu. Hata hivyo, mwaka 2005 kulizuka mzozo kuhusu rekodi za Grateful Dead. Hatimaye zile zilizotoka kwenye mitambo ya jukwaani zikabaki za kutiririshwa tu, si za kupakuliwa. Burundi nayo ina sheria ya hakimiliki ya tarehe 30 Desemba 2005. Tusisahau pia kwamba utani uliosemwa mbele ya majirani haukukusudiwa kusikiwa na dunia nzima. Aliyesema aulizwe, na akikataa, kipande kifichwe.

Zoezi la darasani: sikilizeni dakika 5 za tamasha lolote mnaloruhusiwa kulitumia. Andikeni kila kinachosemwa kati ya nyimbo, pamoja na saa, msemaji na lugha. Kisha linganisheni daftari zenu. Mahali mtakapotofautiana kuhusu lugha, anzieni hapo mjadala wenu.